Tumbawe Limepauka, Limegeuka Kahawia au Limejifunga: Kutafuta Chanzo Kati ya Taa na Maji

Tumbawe linalofugwa nyumbani likibadilika rangi ndani ya tangi la maji ya chumvi, mkono wa mfugaji hukimbilia taa. Leo anapunguza mwanga, kesho anabadilisha nusu ya maji, keshokutwa anatia kalsiamu, na wiki ikiisha hajui tena kipi kimesaidia na kipi kimeumiza. Mengi kati ya matumbawe niliyoyapoteza mimi mwenyewe yangepona kama ningegusa kitu kimoja tu, kisha nikangoja.

Taa na maji havitenganishiki. Ndani ya nyama ya tumbawe unaishi mwani mdogo mno, zuzanthela, unaotumia mwanga kutengeneza sukari na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula chake. Ukiongeza mwanga, kazi hiyo huenda kasi: tumbawe hujenga mifupa haraka, hivyo hunywa ualkali (kabonati na baikaboneti zilizoyeyuka majini) na kalsiamu zaidi, na hudai nitrati na fosfati zaidi. Mwanga uleule unaolistawisha katika maji yenye nitrati miligramu 10 kwa lita unaweza kuliunguza katika maji yenye nitrati sifuri. Kwa hiyo dalili ikijitokeza, soma pande zote mbili kwanza, ndipo uguse upande mmoja.

Nini kimebadilika wiki tatu zilizopita?

Anza na swali hili kabla ya kufungua kisanduku cha vipimo. Tumbawe huchelewa kuonyesha lililolipata. Kosa la leo linaweza kuonekana baada ya siku kumi, na wewe ukalaumu jambo la jana.

Taa mpya au ratiba mpya ya taa kila mtu huikumbuka. Yanayosahaulika ni madogo. Umefuta chumvi iliyoganda kwenye kioo cha taa? Umeongeza mwanga bila kukusudia. Umeweka kaboni mpya (mkaa wa kusafishia maji) kwenye kichujio? Kaboni huondoa umanjano unaojijenga majini taratibu, na umanjano huo ulikuwa ukimeza mwanga wa buluu. Niliwahi kukaa wiki mbili nikipima kalsiamu asubuhi na jioni huku matawi ya juu ya Montipora yangu, tumbawe gumu, yakizidi kuwa meupe, kumbe nilichokuwa nimefanya ni kubadilisha kaboni iliyokaa miezi minne. Maji yalikuwa meupe kama hewa, na taa ambayo sikuigusa ilikuwa imekuwa taa nyingine.

Ongeza kwenye orodha: mawe yaliyosogezwa, chumvi ya mtengenezaji mwingine, dawa ya kuondoa fosfati iliyowekwa kwa kipimo kamili siku ya kwanza, pampu iliyoziba, samaki waliopungua (na kinyesi chao kikapungua), dawa ya mbu iliyopulizwa chumbani, rangi iliyopakwa ukutani, mikono yenye losheni iliyoingia majini. Andika tarehe za mambo haya kwenye daftari. Daftari la senti chache limeniokolea matumbawe kuliko kifaa chochote cha bei.

Vipimo, na mpangilio wake

Pima kwa mpangilio huu, kwa sababu cha juu kikiwa kibaya, vya chini vinaweza kukudanganya.

- Joto: nyuzi 24 hadi 26.5 za Selsiasi. Kinachoumiza zaidi ni kupanda na kushuka kwa ghafla.
- Chumvi: sehemu 35 kwa elfu, yaani uzito mahsusi wa karibu 1.026 katika nyuzi 25.
- Ualkali, unaopimwa kwa digrii ziitwazo dKH: 7 hadi 9 kwa tangi lenye virutubisho vichache, hadi 11 kwa lenye virutubisho vya kutosha. Bahari yenyewe iko karibu na 7.
- Nitrati: miligramu 2 hadi 15 kwa lita.
- Fosfati: miligramu 0.03 hadi 0.1 kwa lita.
- Kalsiamu: miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Magnesiamu: 1,250 hadi 1,400.
- Amonia na nitriti: sifuri.

Chumvi naitaka iwe ya pili kwa sababu kalsiamu, magnesiamu na hata ualkali hupanda na kushuka pamoja nayo. Ukikuta kalsiamu 370, magnesiamu 1,150 na ualkali 6.5 kwa pamoja, usikimbilie chupa tatu. Mara nyingi chumvi imeshuka hadi 31, na ukiirudisha taratibu vyote vitatu hupanda nayo. Rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, isawazishwe kwa kimiminika maalumu cha 35. Wengi huisawazisha kwa maji matupu kwenye sifuri na kudhani wamemaliza, lakini kifaa kinaweza kusema kweli kwenye sifuri na kukosea kwenye 35, mahali hasa unapokihitaji.

Kipimo kimoja cha kushangaza kirudie kabla ya kukiamini. Vimiminika vya kupimia huisha nguvu, na chupa iliyokaa karibu na hita huisha mapema. Ikiwezekana, peleka maji yaleyale yapimwe kwa kisanduku kingine.

pH nimeiacha nje kwa makusudi. Ikiwa kati ya 7.8 na 8.4, iache. Ikishuka chini ya hapo usiku, mara nyingi ni kaboni dioksidi iliyojaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Fungua dirisha, au vuta hewa ya skima (kifaa kinachotoa taka majini kwa povu) kutoka nje kwa bomba la mpira. Kuifukuza pH kwa unga wa kupandishia huishia kuupandisha ualkali bila mpango, na hilo ni balaa kubwa kuliko lile ulilotaka kulikimbia.

Jicho hukudanganya kuhusu taa ya LED

Jicho la binadamu huona zaidi kijani, karibu na nanomita 555. Taa za matumbawe hutoa nguvu yake nyingi kwenye buluu, kati ya 420 na 480, kwa sababu huko ndiko rangi za zuzanthela zinakonasa mwanga vizuri. Matokeo yake, tangi linaloonekana hafifu la buluu linaweza kuwa linamwaga mwanga mkali mno juu ya tumbawe, na tangi linaloonekana jeupe na ng'avu likawa linatoa pungufu. Programu za simu za kupima laksi, yaani mwanga kama jicho linavyouona, zina udhaifu uleule wa jicho.

Kifaa sahihi ni kipima PAR, kinachohesabu chembe za mwanga zinazofaa kwa usanisinuru, kwa maikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Si lazima ukinunue. Wafugaji wengi huazimana, na siku moja inatosha: pima katikati, pembeni, juu ya mwamba na chini kwenye mchanga, kisha chora ramani ya tangi lako. Vipima vya zamani husoma buluu pungufu kuliko ilivyo, basi uliza ni cha aina gani.

Kama mwongozo wa kuanzia, matumbawe laini na yale ya uyoga hutosheka na 50 hadi 120. Matumbawe magumu yenye polipu kubwa (polipu ni vile vinywa vyenye minyiri), kama Euphyllia, hupenda 80 hadi 150. Yale yenye polipu ndogo, kama Acropora, huhitaji 200 hadi 350. Nimeona Acropora ikiishi vizuri chini ya 200, na nimeona Euphyllia ikinyauka kwenye 180 kwa sababu iliwekwa hapo siku ya kwanza. Tumbawe huzoea mengi likipewa wiki. Likipewa saa chache halizoei.

Limepauka

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu weupe una sababu zinazopingana, na dawa ya mmoja ni sumu kwa mwingine. Kwanza hakikisha kama limepauka au limekufa. Lililopauka bado lina nyama: ukilitazama kwa upande utaona ngozi nyembamba inayong'aa, na usiku polipu hutoka. Lililokufa ni mfupa mtupu, na ndani ya siku chache utando wa kijani au kahawia huanza kuota juu yake.

Kisha tazama weupe ulipo.

*Weupe uko juu tu, upande unaoelekea taa, na kivulini rangi ipo.* Mwanga umezidi. Zuzanthela zikipokea mwanga kuliko zinavyoweza kutumia, huzalisha oksijeni yenye madhara ndani ya nyama ya tumbawe, na tumbawe hulazimika kuzitema. Punguza nguvu ya taa kwa robo, au shusha tumbawe chini, chagua kimoja. Ukifanya vyote viwili umelitoa juani na kulitupa gizani, na lile lililobaki na zuzanthela chache halitapata chakula cha kutosha. Subiri wiki mbili kabla ya kuamua lolote jingine.

Ukifunga taa mpya, anza na nusu ya nguvu unayokusudia, kisha panda kidogo kidogo kwa wiki nne hadi sita. Taa nyingi zina mpangilio wa kufanya hivyo zenyewe. Utumie hata kama taa ya zamani ilikuwa kali, kwa sababu lenzi za LED hukusanya mwanga sehemu moja kwa namna ambayo neli za zamani hazikuweza, na tumbawe lililo chini ya katikati ya taa hupata mara mbili ya lililo pembeni.

*Weupe umeenea kila mahali, hata kivulini, na matumbawe kadhaa yamefifia kwa pamoja.* Hii ni njaa. Dalili zake za pembeni zinatambulika: kioo cha tangi hukaa siku tano bila utando, skima hutoa maji mepesi, vipimo vya nitrati na fosfati husoma sifuri na mfugaji anajisifu kwa usafi. Tumbawe haliwezi kutengeneza nyama bila nitrojeni na fosforasi. Ondoa dawa ya fosfati, punguza saa za skima, ongeza chakula cha samaki. Ikiwa baada ya wiki mbili bado ni sifuri, tia nitrati ya sodiamu au ya potasiamu kwa kiasi cha kupandisha miligramu 1 kwa lita kwa siku hadi ufike 5. Fosfati huenda taratibu zaidi, kwa sababu mawe makavu huinyonya. Utatia leo na kesho kipimo kitasoma sifuri tena, na hali hiyo inaweza kuendelea kwa wiki kadhaa hadi mawe yashibe. Wakati wote huo usipandishe taa hata kidogo.

Na kama juu kumepauka na virutubisho ni sifuri? Anza na chakula. Mwanga ushushe asilimia kumi tu, ili mzigo upungue wakati chakula kinafika.

*Weupe umekuja baada ya siku za joto.* Kwenye miamba ya baharini, joto likipanda nyuzi 1 tu juu ya kilele cha kawaida cha majira ya joto na kukaa wiki kadhaa, matumbawe huanza kupauka. Tangini mambo ni hayo hayo: ukipita 28.5 kwa siku mfululizo, hatari imeingia. Joto na mwanga hushirikiana katika kuumiza, kwa hiyo hii ni mara moja ambapo kupunguza taa papo hapo ni sahihi hata kama taa haikuwa chanzo. Elekeza feni juu ya maji, na ukumbuke kwamba feni hukausha maji haraka. Kinachopotea ni maji matamu, chumvi inabaki, basi ongezea maji yaliyosafishwa, kamwe si maji ya chumvi.

Limegeuka kahawia

Kahawia ni rangi ya zuzanthela zenyewe. Tumbawe la kahawia lina mwani mwingi kiasi cha kufunika rangi zake, na kwa kawaida si mgonjwa. Linakua, linakula, linajenga mfupa. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimeona watu wakiua tumbawe zima la kahawia wakilitafutia zambarau.

Kama ni moja tu, au yale ya chini tu, mwanga ni hafifu mahali hapo. Utaona pia matawi yakirefuka na kujipinda kuelekea taa, au Zoanthus, zinazoota kama vifungo, zikinyoosha shingo. Pandisha taa asilimia tano kwa wiki, au lisogeze tumbawe hatua moja juu. Usirefushe saa za taa hadi 13 au 14 ili kufidia nguvu. Saa 8 hadi 10 za mwanga kamili zinatosha, na zinazozidi huwafaidi zaidi mwani wa kwenye kioo. Rangi nyingi tunazozipenda ni protini ambazo tumbawe hutengeneza kama mwavuli dhidi ya mwanga wa buluu na urujuani, kwa hiyo kuongeza buluu husaidia kuliko kuongeza nyeupe. Nyekundu na kijani zibaki kidogo.

Kama ni karibu yote, tazama maji. Nitrati 40 na fosfati 0.3 hulisha zuzanthela kuliko tumbawe linavyohitaji. Shusha kwa kubadilisha maji asilimia kumi kwa wiki na kupunguza chakula kisicholiwa. Dawa ya fosfati iwekwe robo ya kipimo kilichoandikwa. Kushusha fosfati kutoka 0.3 hadi 0.02 kwa siku tatu kumeshachuna nyama za Acropora nyingi kuliko fosfati yenyewe.

Tumbawe lililonunuliwa juzi na kugeuka kahawia halihitaji lolote. Lipe wiki sita.

Ncha zimeungua

Acropora na Montipora zinazokua huwa na ncha nyeupe. Hiyo ni afya. Ncha iliyoungua ni tofauti: nyama imerudi nyuma, mfupa uko wazi, na baada ya siku chache kijani kinaota juu yake. Tulioliona hili tangini mara nyingi tumelikuta pamoja na hali moja: ualkali wa 10 au zaidi katika maji yasiyo na virutubisho. Mfupa unasukumwa ukue kuliko nyama inavyoweza kuufunika. Tibu kwa kupunguza dozi ya ualkali, uache matumbawe yenyewe yaushushe hadi 8 kwa siku kadhaa, huku ukiinua nitrati. Taa iache ilivyo, isipokuwa umeipandisha karibuni.

Nyama inachunika kutoka chini

Hapa kuna mwendo wa aina mbili. Wa polepole huanzia chini ya shina na kupanda milimita chache kwa siku. Wa kasi humaliza koloni nzima kwa saa chache, na ukiuona usiketi kufikiri: kata matawi yenye nyama nzima sentimita mbili mbali na mstari wa uharibifu, gundisha vipande kwenye mawe mapya, toa mabaki.

Wa polepole una muda wa uchunguzi, na wa kwanza kushukiwa ni ualkali unaoyumba. Kipimo kimoja cha 8 hakikuambii kitu kama juzi kilikuwa 9.5. Pima siku nne mfululizo saa ileile.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa kuijua. Ili kupandisha dKH 1 katika lita 100 za maji, unahitaji gramu 3 za baikaboneti ya sodiamu safi (ile ya kuokea, isiwe beking poda). Tuseme tangi lina lita 200 na ualkali umeshuka kutoka 8.4 hadi 7.8 ndani ya saa 24. Tangi linatumia 0.6 kwa siku, sawa na gramu 3.6. Gawa kiasi hicho mara mbili au zaidi kwa siku, kiyeyushe kwanza, kimwage mahali penye mkondo. Kalsiamu hutumika sambamba: kila dKH 2.8 iliyotumika huondoka na takriban miligramu 20 za kalsiamu kwa lita, kwa hiyo tangi hili linapoteza kama 4 kwa siku. Ndiyo maana ualkali huonyesha tatizo siku nyingi kabla ya kalsiamu. Ukirekebisha, usivuke dKH 1 kwa siku, na kama matumbawe tayari yanaumwa, nusu yake.

Ikiwa unatia na haupandi, pima magnesiamu. Ikiwa chini ya 1,200, kalsiamu na ualkali hukutana na kuganda kama chokaa kwenye hita na pampu badala ya kubaki majini.

Kama ualkali umetulia, chukua kioo cha kukuzia utafute wadudu. Kuna minyoo bapa inayokula Acropora na kuacha alama za mviringo zilizopauka, na mayai yake hubandikwa kwenye mfupa uliokwisha kuachwa wazi. Montipora ina konokono wake wasio na gamba, weupe, wadogo kama punje ya mchele, wanaojificha chini ya bamba. Kuogesha tumbawe katika dawa huondoa wakubwa tu. Mayai huhitaji kukwanguliwa, na kuogesha kurudiwe kila wiki kwa zaidi ya mwezi.

Na kwa kuwa nimetaja kukata: ukikata Zoanthus au Palythoa, vaa glavu na miwani, na usichemshe wala kumwagia maji ya moto jiwe lenye matumbawe hayo. Baadhi yana palitoksini, sumu kali sana, na mvuke au rasharasha yake imepeleka familia nzima hospitalini.

Polipu zimejifunga

Yote kwa pamoja, ghafla: chumvi, joto, amonia, au sumu iliyoingia. Kifaa cha kujazia maji kilichokwama huweza kumwaga maji matamu usiku kucha. Pampu yenye kutu au dawa ya samaki yenye shaba huua wanyama wasio na uti wa mgongo kwa kiasi kidogo tu. Badilisha maji robo kwa maji yenye joto na chumvi ileile, weka kaboni mpya, na hapa kumbuka kupunguza taa kidogo, kwa sababu kaboni mpya huongeza mwanga kama nilivyoeleza.

Moja tu limejifunga: angalia jirani yake. Euphyllia na Galaxea hurefusha minyiri ya kuchoma usiku kufikia sentimita kumi na zaidi, na mchana huoni ushahidi. Keti na tochi yenye mwanga mwekundu saa mbili baada ya taa kuzima. Huenda pia ukamwona samaki au kaa anayelidonoa. Mkondo unaopiga moja kwa moja upande mmoja nao hulifunga. Geuza pampu ili maji yapige kioo kwanza.

Sarcophyton, tumbawe laini, ikijifunga siku kadhaa na kung'aa kama imepakwa nta, inavua ngozi. Iongezee mkondo, basi.

Euphyllia yenye ute wa kahawia unaoning'inia kama uji ni dharura. Vuta ute wote kwa bomba la mpira ukiwa umezima pampu, toa kichwa kilichoathirika, kata mbali na vilivyo salama. Ute ukielea ukatua kwenye kingine, nacho kitaondoka.

Utando juu ya mchanga na mawe

Vumbi la kahawia kwenye tangi jipya ni diatomu, aina ya mwani mdogo, na hupita lenyewe. Utando mwekundu unaochunika kama shuka ni sayanobakteria. Ongeza mkondo na nyonya taka. Utando wa kahawia wenye nyuzi na mapovu, unaofifia usiku na kurudi mchana, huenda ni dinoflajeleti, viumbe vidogo vya seli moja, na hupenda matangi yenye nitrati na fosfati sifuri. Wengi huulaumu mwanga na kusafisha maji zaidi, nao huzidi. Kuzima taa siku tatu husaidia, na matumbawe huvumilia, lakini bila kurudisha virutubisho utando utarudi wiki inayofuata.

Taa yenyewe

Kabla ya kulaumu maji kwa kufifia kulikotokea polepole, gusa mwili wa taa. Kama unaunguza, feni imejaa vumbi na taa nyingi hujipunguzia nguvu ili zisiungue. Zima umeme, safisha feni kwa brashi laini, futa lenzi kwa maji yaliyosafishwa, kisha washa ukiwa umeshusha asilimia kumi na upande tena kwa wiki mbili. Umeme ukikatika na kurudi, kagua saa na ratiba: niliwahi kukuta taa ikiwaka usiku wa manane kwa siku tisa. Hakikisha pia waya unashuka chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji ya chumvi lidondoke sakafuni lisifuate waya.

Ukisubiri, angalia nini

Tumbawe lililopauka likianza kupona, rangi haitangulii. Kinachotangulia ni polipu kutoka usiku kwa urefu wa kawaida, kisha ngozi kuacha kuwa kama karatasi ya kuonea ndani. Baada ya hapo hudhurungi hafifu hujitokeza kwenye sehemu za kivuli: ni zuzanthela zinaongezeka tena. Rangi kamili huchukua wiki, mara nyingine miezi. Lishe polipu kubwa kipande kidogo cha nyama ya kamba mara mbili kwa wiki katika kipindi hicho, na piga picha kila Jumapili saa ileile, chini ya mpangilio uleule wa taa, kwa sababu jicho linalotazama kila siku halioni mabadiliko ya taratibu. Hudhurungi ikishafika kwenye matawi ya juu na kukaa wiki mbili bila kurudi nyuma, ndipo pandisha taa asilimia tano za kwanza.